Umerekebisha tapeti? Angalia alama ya T kabla hujawasha nduthi

Kama unaendesha boda Banissa, hesabu yake unaijua. Hapa ni Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, na Nairobi iko zaidi ya kilomita 800. Valvu ikipinda leo, huenda spea ikabidi ingoje gari. Siku hizo zote nduthi imelala, lakini mkopo haulali.

Kwa hivyo tapeti zikirekebishwa, tenga dakika chache uangalie taimingi kabla ya kuwasha.

Krankshafti hupandisha na kushusha pistoni. Kamshafti hufungua valvu. Krankshafti ikizunguka mara 2, kamshafti inazunguka mara 1. Kwa Boxer na TVS HLX, zinaunganishwa na cheni ndogo ndani ya injini. Cheni ikiruka jino, valvu zinafunguka wakati si wake. Chukua sproketi ya meno 32: jino 1 ni kama digrii 11 za kamshafti, yaani zaidi ya digrii 22 za krankshafti. Boda inakataa kuwaka ama inakosa nguvu. Cheni ikiruka sana, pistoni inaweza kugonga valvu.

Utasema, "Mimi nimegusa tapeti tu, cheni sijaigusa." Ni kweli, tapeti peke yake haihamishi taimingi. Lakini cheni iliyochakaa, ama iliyolegezwa tenshona, inaweza kuruka injini ikizungushwa kinyume. Tena alama ya T hutokea kila raundi ya krankshafti, na moja kati ya hizo mbili itakudanganya.

Fanya hivi injini ikiwa baridi:

1. Toa plagi ndiyo injini izunguke kwa urahisi.

2. Fungua kifuniko cha katikati upande wa magneti, na kile kidogo cha kuchungulia.

3. Zungusha kwa spana polepole, upande ule injini huzunguka ikiwa inanguruma, hadi T ikae sawa na alama ya dirishani.

4. Tikisa roka zote 2. Zote zikicheza kidogo, hapo ndipo. Zikikaza, hiyo ni T ya uongo. Ongeza raundi 1 nzima.

5. Angalia sproketi ya juu. Alama yake ilingane na ile ya hedi, vile kitabu cha boda yako kinaonyesha.

6. Zungusha raundi 2 nzima, urudi kwa T, uangalie alama tena. Pima tapeti tena kwa fila geji.

Ukihisi kitu kimegota njiani, simama. Usilazimishe spana. Hapo mkono wako umekuokolea valvu ambayo stata ingeipinda.

Kama yako ni ya Kichina yenye injini ya muundo wa Honda CG125, usihangaike kutafuta cheni ya taimingi. Kamshafti yake iko chini, inaendeshwa na gia, na vijiti ndivyo vinasukuma roka. Wewe hakikisha T ni ile ambayo roka zote zinacheza, basi.

Na kama kazi umemwachia fundi, usiende kunywa chai kwanza. Mwambie akuonyeshe T na alama ya sproketi kabla hajafunga vifuniko. Fundi anayejua kazi hatakasirika.