Je, Damu ya Akiba Huzeeka?

Mtoto amepungukiwa damu sana. Muuguzi anatundika mfuko, na mama anaona kwamba damu hiyo ilitolewa mwezi mmoja uliopita. Moyo unamdunda. Je, haijaharibika?

Akina mama wenzetu, ni kweli kwamba damu hubadilika. Ingawa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi, chembe zake nyekundu zingali hai na huendelea kutumia sukari iliyowekwa mfukoni. Siku zinavyopita hukakamaa, huvujisha potasiamu, na uwezo wake wa kuachia oksijeni hupungua, ingawa uwezo huo hurudi zikishaingia mwilini. Ndiyo maana kila mfuko una tarehe ya mwisho: siku 35 au 42, kulingana na dawa ya kuhifadhia.

Je, mtoto hudhurika? Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto 290 waliokuwa na upungufu mkali wa damu. Wengine waliongezewa damu ya siku 1 hadi 10, wengine ya siku 25 hadi 35. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: damu ya zamani iliwasaidia sawa na ile mpya.

Basi tukiwa na hofu, tumwulize daktari, lakini tusikatae damu ambayo muda wake haujapita. Hatari kubwa zaidi ni friji tupu. Nyumbani kwetu mna watu wazima wenye afya. Je, ni nani kati yao atakayekwenda kuchangia damu mwezi huu?