Naitroksi: mzamiaji alipe au aachane nayo?

Leo tunazama. Sio kule kuzamia meli kwenda Ulaya, teh teh, nazungumzia kushuka chini ya bahari na mtungi mgongoni. Huku Goba bahari hatuna, ila mtoto wa mama mdogo yuko Nungwi, Unguja, anawashusha watalii Mnemba mara mbili kwa siku, msimu ukichanganya mara tatu. Wiki iliyopita kanitumia meseji: "Dogo, wewe si ulisoma fizikia? Bosi anataka tusome kozi ya naitroksi, hela inakatwa kwenye mshahara. Nikubali?" Chini kaongeza kwamba bega linamuuma tangu juzi, eti kwa sababu ya kubeba mitungi. Hapo ndipo nilipokaa kafe masaa matatu.

Kwanza tuelewane. Mtungi wa mzamiaji sio wa oksijeni kama wa hospitali, ingawa mtaani kila mtu anasema hivyo. Ndani kuna hewa hii hii unayovuta hapo ulipokaa, imeshindiliwa tu: oksijeni asilimia 21, iliyobaki karibu yote naitrojeni. Ukishuka, presha inapanda na naitrojeni inajipenyeza kwenye damu na nyama za mwili. Ukikaa chini kupita muda, au ukipanda mbio, inatoka kwa mapovu kama soda iliyotikiswa. Mapovu yakikwama kwenye kiungo ni maumivu, yakikwama kwenye uti wa mgongo unaweza kupooza. Ndio maana lile bega halikunichekesha. Nikamwambia kaka usimeze Panadol ukanyamaza, usizame tena, nenda kwa daktari umwambie ulizama mara ngapi na kina gani. Na siku nyingine maumivu yakikuanza baada ya kupanda, omba oksijeni halisi pale pale kwenye boti.

Sasa naitroksi. Ni hewa iliyoongezewa oksijeni, mara nyingi asilimia 32 au 36, kwa hiyo naitrojeni inapungua na wewe unapata muda zaidi. Kwenye majedwali ya PADI, mita 18 kwa hewa ya kawaida mwisho wako ni dakika 56, kwa 32 ni dakika 95. Mita 30 ni 20 kwa 30. Sio kitu kipya, NOAA ya Marekani ilitoa majedwali yake mwaka 1979 kwa ajili ya wanasayansi wao. Wanaosema mtungi unachelewa kuisha wanakudanganya, mapafu yako yanakula kiasi kile kile.

Ubaya wake ni huu: oksijeni nayo presha ikizidi inakuwa sumu. Unapata degedege, mpira wa kupumulia unatoka mdomoni, na huko chini hakuna wa kukumwagia maji ukazinduka. Kikomo cha kawaida ni 1.4. Chukua 1.4 ugawe kwa 0.32, toa 1, zidisha kwa 10: mita 33. Ya 36 ni mita 28 tu! Yaani gesi inayokulinda Mnemba ndiyo inaweza kukuua Leven Bank, kaskazini ya Nungwi, kama utaufuata ule mwamba unavyoporomoka.

Kwa hiyo mtu anayekwenda Mbudya mara moja, mita 12, mtungi mmoja kisha chipsi, pesa yake anaitupa. Kaka nilimwambia asome, kwa sababu anazama kila siku na naitrojeni ya jana inakutana na ya leo. Ila kwa masharti. Kila mtungi aupime mwenyewe na kipima oksijeni kabla ya kupanda boti, asikubali neno la mjazaji. Na ile kompyuta ya mkononi, siku za kuzama mara tatu aiache kwenye 21 huku anavuta 32, lakini kikomo cha mita 33 kibaki kichwani maana hapo kompyuta haitamkumbusha. Akiiweka 32 ili akae chini zaidi na watalii, ule unafuu wote kautumia, karudi pale pale. Wengi hapo ndipo wanapojichanganya.

Kuhusu kukatwa mshahara nimemwambia aombe walipe nusu kwa nusu, maana wanaofaidi ni wawili. Wenye kuzama Pemba au Mafia, huko mnatumia asilimia ngapi? Tupeni kwenye maoni.