Droo huvuta watu mkutanini, majukumu huwabakiza

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KLABU nyingi hufa kimya kimya. Mkutano wa kwanza hujaza ukumbi, wa pili huacha viti kadhaa vitupu, na kufikia mwezi wa sita hubaki mwenyekiti, katibu na mweka hazina wakitazamana. Hakuna aliyetangaza kujiuzulu wala aliyegombana na mwenzake. Watu wameacha kuja tu.

Katika Mkoa wa Katavi jambo hilo lina uzito wa pekee. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,152,958. Idadi hiyo imezidi maradufu katika kipindi cha miaka 10, na kasi hiyo ya ongezeko ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko ya mkoa mwingine wowote nchini.

Maana yake ni kwamba katika mitaa ya Mpanda, mji uliokuzwa na mgodi wa madini ya risasi na reli ya tawi inayotoka Kaliua, wakazi wengi hawakuzaliwa hapo. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe wanaishi jirani na Wafipa, Wasukuma na raia wapya wenye asili ya Burundi. Kwa mgeni asiye na shangazi wala mjomba mjini, klabu ya bao, ya kukimbia, ya kwaya au ya ufugaji nyuki ndiyo huwa ukoo wake wa kwanza. Klabu ikifa, mgeni huyo hupoteza watu ambao wangemchangia akiuguliwa au kufiwa.

Dawa ambayo viongozi wengi wa klabu huikimbilia ni droo: mwanachama anayehudhuria huandikiwa namba, kijikaratasi huchotwa, na mmoja huondoka na zawadi. Je, dawa hiyo huponya? Jibu ni kwamba huponya nusu ya ugonjwa. Droo huleta watu mlangoni, lakini haiwezi peke yake kuwafanya warudi.

Hesabu ya droo

Ipo namna moja ya kuchezesha droo ambayo huongeza mahudhurio kuliko nyingine. Badala ya kuchota namba za waliohudhuria pekee, huchotwa jina kutoka orodha ya wanachama wote, na anayetajwa hupewa zawadi endapo tu yupo ukumbini. Asipokuwepo, zawadi hulala na kuongezwa katika mkutano unaofuata. Wahenga walikwisha kulisema hilo: asiyekuwepo na lake halipo.

Tuchukulie klabu yenye wanachama 40, ambapo wanaohudhuria ni 15. Uwezekano wa zawadi kutoka siku hiyo ni 15 kwa 40, yaani chini ya nusu. Ikiwa zawadi ni Sh 5,000 kwa kila mkutano, na isipate mwenyewe mara tatu mfululizo, mkutano wa nne utakuwa na Sh 20,000 mezani. Habari hizo hufika mitaani zenyewe. Aliyetajwa wiki iliyopita akiwa nyumbani amelala hatakosa wiki hii.

Mfumo huo una faida nyingine. Wanaohudhuria wakifika 30, uwezekano wa zawadi kutoka hupanda hadi robo tatu, hivyo klabu haibaki na deni kubwa la zawadi. Aidha, zawadi haihitaji kuwa ya gharama. Chupa ya asali ya Inyonga, kilo kadhaa za mchele wa Mpimbwe au samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Karema hutosha. Zawadi inayohusiana na klabu yenyewe, kama ubao wa bao au fulana ya kukimbilia, hufaa zaidi kwa sababu humrudisha mshindi katika kile kilichowakutanisha.

Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo huonyesha udhaifu wa droo. Zawadi kubwa ikishachukuliwa, mkutano unaofuata huanza tena na Sh 5,000, na aliyekuja kwa ajili ya fedha huona hana sababu ya kurudi. Droo ikichezeshwa mwanzoni, watu huondoka kabla ya ajenda ya pili. Ndiyo maana wakati wake unaofaa ni mwishoni, baada ya shughuli za siku kumalizika.

Somo la upatu

Watanzania hawakuanza jana kutumia kura ili kukutanisha watu. Katika upatu, ambao wengi huuita mchezo, kila mwanachama hutoa kiasi sawa cha fedha na mmoja huchukua zote, kisha zamu humfikia mwingine hadi wote wapate. Mara nyingi zamu hupangwa kwa kura. Hapa bahati huamua nani atangulie, lakini haimnyimi mtu yeyote haki yake. Kila mtu ni mshindi, tofauti ni siku tu.

Udhaifu wa upatu nao hujulikana: aliyekwisha kupokea hushawishika kutoroka. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo hapa nchini huitwa VICOBA, vilipata njia ya kuziba pengo hilo. Chimbuko la mfumo wa aina hiyo ni Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na vikundi vya akina mama vilivyojulikana kwa jina la Mata Masu Dubara. Baadaye utaratibu huo ulienea katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo.

Katika utaratibu huo fedha hutunzwa ndani ya kisanduku chenye kufuli 3, na funguo hukaa kwa wanachama 3 tofauti. Wengine huteuliwa kuhesabu fedha mbele ya wote. Anayechelewa au asiyefika bila taarifa hutozwa faini. Kufuli hizo ziliwekwa ili kuzuia wizi, lakini zilileta faida ya pili: mwenye ufunguo hawezi kukosa kikao, kwa kuwa asipofika wenzake watakaa wakikitazama kisanduku kilichofungwa.

Hilo ndilo somo kubwa kwa klabu yoyote. Mtu huhudhuria kwa uhakika pale kutokuwepo kwake kunapoonekana. Klabu ya bao yenye wanachama 40 inaweza kuwa na mtunza mbao, mwandishi wa matokeo, mpokea wageni, mpangaji wa mechi na mtu wa chai, na kazi hizo zikazunguka kila baada ya miezi mitatu. Zawadi ya droo humfaa mtu mmoja kwa mkutano, wakati majukumu huweza kugawiwa wengi kwa pamoja.

Ngoma inayopimwa kwa umati

Mfano mwingine umo katika utamaduni wa Wasukuma, ambao tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 wamehamia kwa wingi na mifugo yao katika maeneo ya Rukwa na Katavi. Kwa Wasukuma zipo jamii mbili kongwe za wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, zinazoshindana tangu karne ya 19. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi.

Kwa lugha nyepesi, huo ni mchezo ambao mahudhurio yenyewe ndiyo matokeo. Ndiyo maana kila kundi hubuni mbinu mpya: wengine hucheza na chatu, wengine hurusha majembe kwa mahadhi katika ngoma ya bugobogobo, wengine hutunga nyimbo za kuwatania wapinzani. Hadi leo mashindano hayo huonekana kila mwezi Juni katika sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Jiji la Mwanza.

Mtazamaji wa ngoma hizo hapewi tiketi ya droo. Huja kwa sababu kuna jambo ambalo hajui litaishaje, na kwa sababu ana upande wake. Klabu inaweza kupata mvuto huo bila gharama kubwa. Igawanywe katika makundi mawili, iweke ubao wa matokeo ya msimu mzima, na kila mkutano uwe na raundi moja ya mashindano. Anayekosa kufika hupunguza pointi za kundi lake, na wenzake watamfuata nyumbani kumuuliza.

Shughuli kabla ya hotuba

Klabu za wanafunzi zinaonyesha upande wa vitendo. Kenya ilianzisha klabu za wanyamapori mashuleni mwaka 1968, na Tanzania ikafuata na klabu za Malihai mwaka 1980. Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, Jane Goodall na wanafunzi 12 walianzisha Roots & Shoots, mpango ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi duniani. Klabu hizo zimejengwa juu ya kazi za mikono: kupanda miti, kutunza bustani, kusafisha mazingira na kutembelea hifadhi.

Mpanda ina bahati katika hilo. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, iko jirani, na kijiji cha Sitalike, mahali ambapo viboko hujazana katika Mto Katuma wakati wa kiangazi, kiko umbali wa yapata kilomita 35 kutoka mjini. Safari moja kwa mwaka, inayotolewa kwa waliohudhuria angalau mikutano 8 kati ya 12, huvuta mahudhurio ya mwaka mzima. Tofauti na droo, hapa kila mwenye bidii hupata.

Ratiba nayo ina nguvu kuliko zawadi. Mvua za Katavi hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo wakazi wengi wa mjini huwa mashambani. Mkutano wa Jumamosi asubuhi mwezi Januari utakuwa mtupu hata ukitoa pikipiki. Vivyo hivyo kwa siku ambayo Simba na Yanga wanakutana. Klabu yenye busara hupunguza mikutano wakati wa kilimo na kuiongeza baada ya mavuno.

Sheria na imani

Kabla ya kuuza tiketi, viongozi hawana budi kufahamu mpaka. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, inayotoa leseni na kusimamia michezo hiyo nchini, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kushiriki. Kwa kawaida mambo matatu yakikutana, yaani malipo, bahati na zawadi, hapo kuna mchezo wa kubahatisha. Klabu inayotaka kuuza tiketi, hasa kwa watu wasio wanachama, inapaswa kuwasiliana na Bodi kwanza. Kwa klabu za shule, chemsha bongo yenye zawadi ya daftari hufaa kuliko droo.

Suala la imani nalo si dogo. Uislamu unakataza kamari, na yapo makanisa yenye msimamo kama huo. Mwanachama anayeombwa kununua tiketi kinyume cha dhamiri yake hatalalamika, bali ataacha kuja. Njia rahisi ni kutochangisha fedha yoyote kwa ajili ya droo, na kumruhusu asiyetaka kushiriki akae bila kuulizwa.

Kuna pia kumbukumbu ya mwaka 2009, pale serikali iliposimamisha mpango wa "kupanda na kuvuna" fedha uliokuwa umevuta maelfu ya Watanzania. Tangu hapo wengi husikia neno bahati na kushika mifuko yao. Kwa hiyo droo ya klabu ichezeshwe hadharani, vijikaratasi vihesabiwe mbele ya wote, mchotaji awe mtu asiye kiongozi, na jina la mshindi na thamani ya zawadi viandikwe katika daftari la kumbukumbu.

Kiongozi anayetaka kujua kama droo yake imesaidia asihesabu watu wa siku ya zawadi kubwa. Ahesabu waliorudi katika mkutano uliofuata, siku ambayo mezani palikuwa na Sh 5,000 tu. Wakiwa wachache, kinachotakiwa ni kuwapa watu kazi, si kuongeza zawadi.