Moyo Ukipapatika Nyumbani: Yakupasayo Kufanya



Tuseme wewe unakaa Kamenu, katika mji wa Thika. Umeamka alfajiri, umekama ng'ombe, na sasa unainama kuinua mkebe wa maziwa. Mara moyo unaanza kupapatika kifuani kama kuku aliyeshikwa miguu. Unaenda mbio, unasita, unaenda mbio tena. Pumzi zinakuwa fupi na magoti yanalegea. Unaketi juu ya gogo. Baada ya saa moja au mbili moyo unatulia wenyewe, nawe unasema, "Ni uchovu tu," ukarudi kazini. Mwezi unaofuata mambo ni yale yale.

Usiudharau ugonjwa huu kwa sababu unakuja na kwenda. Katika kadi ya hospitali utauona umeandikwa kwa herufi mbili, AF. Hapa tutauita mpapatiko wa moyo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kwa kawaida vyumba vya juu hujikaza kwa pamoja, vikasukuma damu chini kwa mpango, kama watu wawili wanaokata mti kwa msumeno mmoja. Katika mpapatiko, vyumba vya juu havijikazi sawasawa, bali hutetemeka tu. Vyumba vya chini hupata amri nyingi zisizo na mpango, ndiyo maana mapigo huwa ya kasi na hayalingani.

Hatari kubwa haiko katika kule kupapatika. Iko katika damu. Maji yakisimama mferejini hufanya matope. Damu nayo ikizubaa katika chumba cha moyo huweza kuganda ikawa bonge. Bonge hilo likichukuliwa hadi kichwani huziba mshipa, na mtu hupata kiharusi. Mwenye mpapatiko yumo katika hatari ya kiharusi karibu mara tano kuliko asiye nao. Wala usifikiri kwamba moyo ukitulia hatari imekwisha. Hata mpapatiko wa kuja na kwenda huweza kuleta kiharusi.

UNATOKA WAPI?

Kwa watu wazima sababu kubwa ni shinikizo la damu, yaani presha, ambayo mtu aweza kuwa nayo miaka mingi asijue. Katika Afrika Mashariki iko sababu nyingine, ambayo huwapata hata vijana: mtoto huugua mafindofindo, hatibiwi, akapata homa ya viungo, na homa hiyo ikaharibu vali za moyo wake. Kwa hiyo mtoto akilia koo, mpeleke kwa daktari. Kufanya hivyo ni kulinda moyo wake wa kesho.

Ugonjwa wa tezi ya shingo nao huleta mpapatiko. Pombe nyingi huuamsha, iwe bia, muratina au chang'aa. Watu wengi hushikwa usiku wa arusi au sikukuu. Kuhara na kutapika pia huweza kuuamsha, kwa sababu mwili hupoteza maji na chumvi zake. Kahawa na chai za kila siku hazimdhuru mtu wa kawaida, lakini ukiona zinakuamshia ugonjwa, zipunguze.

UKISHIKWA, FANYA HIVI

1. Acha kazi mara moja. Weka panga chini, shuka katika trekta au baiskeli, uketi kivulini. Mwite mtu wa nyumbani akae nawe.

2. Tazama saa, uandike wakati ulipoanza.

3. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, katika kifundo cha mkono chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa maana mapigo haya hayalingani. Mtu mzima aliyetulia hupata mapigo 60 hadi 100. Andika hesabu yako, uandike pia kama mapigo yalilingana au la.

4. Pumua polepole. Kama umefanya kazi juani, kunywa maji.

5. Meza dawa uliyoagizwa na daktari, kwa kipimo alichokupa. Usiongeze kidonge, wala usiazime dawa ya jirani. Dawa ya moyo wa mwenzako yaweza kuusimamisha wako.

NENDA HOSPITALI UPESI, usingoje moyo utulie, kama kifua kinauma, kama unazimia, au kama pumzi zinakatika hali umeketi. Nenda upesi pia kama uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki sawasawa. Hizo tatu ni dalili za kiharusi, hata zikidumu dakika chache tu. Watu wako wawe wamekwisha kupatana mapema ni gari la nani litakalokupeleka.

KWA NINI UANDIKE?

Mgonjwa wa mpapatiko hupatwa na shida moja: akifika kwa daktari, moyo umekwisha tulia. Mashine ya ECG, ambayo huchora mwendo wa moyo katika karatasi, haioni kitu. Mgonjwa hurudi nyumbani bila jibu. Wewe uliye Kamenu unayo bahati, maana Hospitali ya Thika Level 5 haiko mbali, nawe waweza kufika mpapatiko ungali unaendelea. Mwenzako aliye katika shamba la settlement, mbali na barabara ya lami, huenda asifike kwa wakati. Kwa hiyo daftari lake ndilo shahidi wake. Aandike siku, saa, hesabu ya mapigo, muda, na alichokuwa akifanya, kama vile anavyoandika maziwa ya kila ng'ombe. Daktari akilisoma ataona haja ya kumpima tena, au kumfunga mashine ndogo ya kubeba siku nzima.

DAWA ILIYOANZIA KATIKA ZIZI

Daktari akiona hatari ya kiharusi ni kubwa, atakupa dawa ya kuzuia damu kuganda. Moja ya hizo ni warfarini, na historia yake yamhusu mkulima. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Marekani na Kanada walitokwa damu mpaka wakafa. Walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova yaliyoota ukungu. Mwaka wa 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri katika theluji na mtamba wake aliyekufa na mkebe wa damu isiyoganda, akawapelekea wataalamu wa chuo kikuu. Katika kazi yao ikapatikana warfarini. Kwanza, mwaka wa 1948, iliuzwa kuwa sumu ya panya. Tangu mwaka wa 1954 imetumika kwa watu, kwa kipimo kidogo kinachoangaliwa.

Hapo tunapata fundisho: kipimo ndicho kinachotenga dawa na sumu. Anayetumia warfarini lazima apimwe damu kila anapoagizwa. Kipimo huitwa INR, na kwa wagonjwa wengi wa mpapatiko hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikiwa chini, damu huganda. Kikipita, damu hutoka ovyo. Sukuma wiki, terere na managu hupunguza nguvu za warfarini. Si lazima uache mboga, bali ule kiasi kile kile kila juma. Dawa za maumivu kama ibuprofeni, na dawa za miti shamba, usizitumie kabla ya kumwuliza daktari. Mwanamke mwenye mimba, au anayetaka kuzaa, amwambie daktari mapema, kwa maana warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni. Ukiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au ukigonga kichwa, nenda hospitali.

Zipo dawa mpya zisizohitaji kupimwa INR, nazo huwafaa wengi. Lakini kwa walioharibiwa vali na homa ya viungo, utafiti uliotangazwa mwaka wa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulionyesha kwamba dawa za aina ya warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya iliyolinganishwa nazo. Basi usibadilishe dawa kwa kusikia maneno ya sokoni. Aspirini nayo haishiki mahali pa dawa hizi.

Wengi huacha vidonge moyo ukitulia. Hilo ndilo kosa kubwa. Wewe hungeacha kuogesha ng'ombe kwa sababu wiki hii hukuona kupe. Meza dawa yako siku moyo unapopapatika na siku unapotulia.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kabla ya juma hili kwisha, nenda ukapimwe presha, wewe na mwenzako wa nyumbani. Kisha fundishaneni kuhesabu mapigo, mkaweke daftari na kalamu mahali ambapo hata mtoto ataviona.