Kolwezi: Taa za duka zikiwaka mchana, kosa mara nyingi si la taa

Saa tatu asubuhi jua limekwisha kupanda juu ya komine ya Dilala, lakini taa za mbele ya duka bado zinawaka. Jioni giza linaingia, nazo zinakataa kuwaka. Mwenye duka anaita fundi, fundi anabadilisha taa, pesa inatoka. Kisha umeme unakatika tena na hali inarudi vilevile.

Visa kama hivyo si vigeni Kolwezi. Mji huu uko karibu na vituo vya umeme vya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, na tangu 1982 laini kubwa kutoka Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, inaishia hapa. Lakini migodi ya shaba na kobalti inakula umeme mwingi, na mitaani unakatika mara kwa mara.

Katika maduka na hoteli, taa za nje mara nyingi huamriwa na saa ya umeme. Saa isiyo na betri ya akiba husimama umeme ukikatika. Ukikosekana saa tatu, nayo inachelewa saa tatu: taa zilizopangiwa 18h00 zitawaka 21h00, na zile za kuzimika 06h00 zitazimika 09h00. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla ya kufungua boksi lolote, anauliza kwanza: umeme ulikatika lini, na kwa muda gani?

Kwingine kazi hiyo hufanywa na jicho la mwanga. Kiangazi, vumbi la barabara za migodi likilifunika, linadhani usiku umefika. Likiwekwa karibu na taa yake lenyewe, taa huwaka na kuzimika bila kukoma. Kulipima ni rahisi: lisafishe, lifunike kwa kitambaa cheusi, ngoja dakika chache.

Saa na jicho vikiwa vizima, inabaki kontakta, swichi kubwa inayopitisha umeme wa taa zote. Taa za LED hutumia umeme kidogo, lakini zikiwashwa nyingi pamoja huvuta mkondo mkali kwa kitambo kidogo sana, na meno ya kontakta yanaweza kugandana. Fundi anapima koili yake. Ikiwa haina umeme na taa bado zinawaka, meno yameshikana. Ikiwa ina umeme wake kamili na kontakta haivuti, huenda koili imeungua.

Dalili moja haitaki kungoja: taa za upande mmoja zinang'aa kupita kiasi, za upande mwingine zinafifia. Hapo waya wa nyutro huenda umelegea, na penye volti 220 zinaweza kupanda kuelekea 380. Zima swichi kuu mara moja. Taa mpya nazo zitaungua, pamoja na friji.

Wapo wanaoruka saa na kontakta na kuunga waya moja kwa moja. Taa zinawaka, mteja anafurahi, bili inapanda.

Hatari kubwa zaidi ni jenereta inayojiwasha yenyewe. Fundi anaona umeme umekatika, anaingiza mkono kwenye boksi, nayo inanguruma nyuma ya ukuta. Swichi zote mbili, ya mtandao na ya jenereta, zifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwake, kisha apime tena kabla ya kugusa.