Kidoa Chekundu Katika Ngozi: Cha Kuachwa na Cha Kupelekwa kwa Tabibu

Chukulia mkulima wa makamo, mkazi wa Kasekese katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Anaoga jioni baada ya kutoka shambani, na mkono wake unagusa kinundu kidogo kifuani, laini, kisicho na maumivu. Akikitazama anaona kidoa chenye rangi ya damu nzito, ukubwa wake kama punje ya ulezi. Baada ya siku chache anagundua kingine tumboni na cha tatu begani. Je, ni kansa? Je, damu imeharibika? Je, amerogwa? Jirani mmoja anamshauri akikate kwa wembe. Mwingine anamwambia akichome kwa dawa ya majani. Kumbe, yumkini jambo lililo bora ni kukiacha kilivyo.

KIDOA HIKI NI NINI?

Tabaka la juu la ngozi ya binadamu halina mishipa ya damu. Chini yake kuna tabaka la pili lenye kapilari, yaani vishipa vyembamba mno, ambavyo chembe nyekundu za damu, zenye kipenyo cha mikromita 7 hadi 8, hupita humo moja baada ya nyingine. Ukuta wa kapilari umejengwa kwa safu moja tu ya seli. Pengine seli hizo huzaliana kupita kiasi mahali pamoja, zikafanya fungu la vishipa vilivyotanuka. Fungu hilo huinua ngozi kidogo, na damu iliyomo ndiyo inayokipa kidoa rangi yake.

Wataalamu hukiita kidoa hicho anjioma ya cheri, kwa kukifananisha na tunda jekundu la Ulaya. Kwa kawaida kipenyo chake ni milimita 1 hadi 5. Aghalabu huanza kuonekana mtu akiisha pita umri wa miaka 30, na huongezeka kadiri umri unavyozidi, hata wazee walio wengi huwa navyo. Hakiambukizi, hakiumi, wala hakigeuki kuwa kansa. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba katika vidoa vingi vya namna hii kuna mabadiliko katika jeni ziitwazo GNAQ na GNA11, ambazo husaidia kupeleka ishara ndani ya seli. Mabadiliko hayo hutokea katika seli za mahali pale tu. Mtu hakuyarithi kwa wazazi wake.

Hapa yafaa kutoa tahadhari moja. Picha nyingi zilizomo vitabuni zimepigwa katika ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi kidoa hicho hicho huweza kuonekana cha zambarau iliyoiva, au karibu cheusi. Anayetafuta wekundu wa kitabuni anaweza kukosea.

FUNZO LA MWAKA 1872

Campbell De Morgan, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Middlesex, London, aliandika habari za vidoa hivi mwaka 1872. Alikuwa ameviona katika miili ya wagonjwa wake wa kansa, naye akadhani vina uhusiano na ugonjwa huo. Uchunguzi wa baadaye haukuthibitisha dhana hiyo. Wagonjwa wengi wa kansa ni watu wazima, na watu wazima wengi wana vidoa; kilichoyakutanisha mambo hayo mawili ni umri. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kukumbuka kwamba vitu viwili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimeleta kingine.

Mwaka huo huo wa 1872, mjini Vienna, Moritz Kaposi alieleza ugonjwa mwingine wa ngozi wenye rangi inayofanana na hiyo, lakini huo ni kansa ya kweli. Sakoma ya Kaposi ilijulikana Afrika Mashariki na ya Kati hata kabla ya UKIMWI, nayo ikaongezeka sana tangu miaka ya 1980. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua virusi vinavyohusika nayo. Mabaka yake ni ya zambarau, kahawia au meusi. Aghalabu hutokea miguuni, lakini pia usoni na ndani ya kinywa. Huongezeka na kukua, na mguu huweza kuvimba. Ugonjwa huu una tiba, na kwa mwenye virusi vya UKIMWI dawa za kufubaza virusi ndizo msingi wake. Anayechelewa kwa kudhani ni vidoa vya uzee hujiponza.

DALILI ZA KUMWONA TABIBU

Yafaa kwenda zahanati bila kukawia iwapo kidoa kinakua haraka katika majuma machache. Kinatoka damu mara kwa mara bila kuguswa. Kina rangi mchanganyiko au kingo zisizo sawa. Kiko kinywani au katika wayo. Au kimefuatana na uvimbe, homa au kukonda. Tabibu akiwa na shaka, hukata kipande kidogo kipimwe kwa hadubini. Tangu mwaka 1992 kipo Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha kanda kinachofundisha matabibu magonjwa ya ngozi, ili ujuzi huo ufike hata mikoa ya mbali.

TIBA YAKE

Anjioma ya cheri haihitaji tiba, isipokuwa inakwaruzwa na nguo ikatoka damu, au mwenyewe haipendi sura yake. Hospitalini huweza kuchomwa kwa umeme, kugandishwa kwa naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, au kupigwa mwanga wa leza. Leza hutumia mawimbi ya nanomita 532 au 595, ambayo hemoglobini huyafyonza. Joto lake huziba vishipa. Hata hivyo, melanini ya ngozi nyeusi nayo hufyonza mwanga huo, kwa hiyo daktari asipoangalia huacha baka au kovu. Wembe na majani ya kuchoma huleta damu, usaha na hatari ya pepopunda, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa na madhara.

JARIBIO LA DARASANI

Mwanafunzi abonyeze ukucha wake kwa nukta tano, kisha auachie. Ukucha hupauka, halafu rangi hurudi katika muda wa nukta mbili hivi. Damu ilisukumwa kutoka katika kapilari, kisha ikarejea. Matabibu hubonyeza kipande cha kioo juu ya doa kwa kanuni hiyo hiyo: likipauka, damu bado imo ndani ya mishipa, lisipopauka, huenda imevuja nje. Anjioma huweza kupauka kidogo tu, kwa maana damu yake imebanwa katika vishipa vilivyojikunja. Kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakitoshi kutoa hukumu.

Mkulima wa Kasekese, basi, akivitazama vidoa vyake mwezi hata mwezi na kuona havikui, havitoki damu wala havibadiliki, na alale usingizi wake. Vikibadilika, njia yake ni ya zahanati.