Unga Utaisha, Lami Inakuja

Siku ya mnada, njia ya kwenda Haydom, wilayani Mbulu, huamka mapema. Vumbi likitulia kidogo, unaiona pikipiki ya Boxer inapanda kutoka Maretadu: dereva mbele, nyuma yake mama mwenye mtoto mgongoni, kisha binti aliyebanwa kati ya mama na gunia la vitunguu swaumu. Huo ndio mshikaki. Kofia ngumu ipo, tena ni mpya. Imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni, inamsubiri trafiki. Kando ya njia wanafunzi wanatembea na masweta yao, maana huku juu asubuhi ni baridi, na kila pikipiki ikipita wanageuza nyuso kukwepa vumbi.

Mei 2022, mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya Bunge akidai lami ya jimbo lake. Nchi nzima ilicheka. Aliyewahi kumpeleka mjamzito Haydom wakati wa masika, gari likinasa kila kilomita mbili, nadhani hakucheka sana. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, serikali ilisaini mikataba ya barabara saba kubwa, na mojawapo ni ile ya Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago hadi Maswa. Mkataba si lami, wenyeji wanalijua hilo kuliko mimi. Lakini ahadi imeandikwa, na ndiyo iliyonifanya niwaze habari za misaada ya makampuni, ya unga na ya usalama barabarani.

Picha ya msaada wa kampuni tunaijua sote. Wafanyakazi wamevaa fulana zenye nembo, mbele yao magunia ya unga, ndoo za mafuta ya kula, katoni za sabuni. Meneja na mlezi wa kituo cha yatima wameshika mfano wa hundi, mkubwa kama mlango. Watoto wamepangwa mbele, wafupi wamechuchumaa. Siwabezi. Mwenye njaa haulizi nani alipiga picha. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoifunika Katesh tarehe 3 Desemba 2023, mabenki, makampuni na watu binafsi walipeleka vyakula, magodoro na mablanketi, na watu waliolala bila paa walijifunika. Ila Katesh iko kwenye lami ya Babati na Singida. Msaada nao hupenda lami. Kijiji kinachofikiwa kwa saa kadhaa za mashimo hakipati wageni wengi wenye fulana.

Jambo linalonisumbua ni jingine. Tunapeleka unga kwa yatima na wajane, halafu hatuulizi sana wametokeaje. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hizo. Hapo sijawataja wanaobaki hai. Kijana akivunjika paja anaweza kulala wodini wiki nyingi, mguu ukivutwa na mawe ya uzito. Ndugu wanampelekea chakula kwa zamu. Ng'ombe wa kwanza anauzwa, kisha wa pili. Msimu wa kulima unapita bila jembe kuingia shambani, na mwezi Januari dada yake ndiye anayekosa sare ya shule. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na Wanorwe mwaka 1955, inaweza kuunga mfupa. Ng'ombe waliouzwa haiwarudishi.

Kwa hiyo kampuni inayofundisha usalama barabarani na kampuni inayogawa unga zimeshika kamba moja, moja mwanzoni na nyingine mwishoni. Mfano wa karibu uko Dar es Salaam. Kwa miaka mingi Puma Energy Tanzania imeshirikiana na shirika la Amend kuwafundisha wanafunzi wa shule za msingi, ikawaandalia na mashindano ya kuchora picha za usalama barabarani. Atakayesema kampuni ya mafuta inajitafutia sifa hajakosea, malori ya mafuta yako barabarani kila siku. Sioni ubaya. Afadhali sifa inayomvusha mtoto salama.

Lakini Amend hawakuishia darasani. Katika mpango wao uitwao SARSAI walikwenda kwenye shule ambazo watoto hugongwa sana, wakaangalia wanapita wapi, kisha wakajenga vitu vya bei nafuu: njia ya miguu, matuta, pundamilia, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni. Utafiti ulionyesha majeruhi walipungua kwa asilimia 26 hivi, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya miji ya WRI Ross yenye dola 250,000. Ni saruji, rangi na watu waliokubali kusimama langoni kengele ya kutoka inapolia.

Nasisitiza saruji kwa sababu somo la mjini halihami lilivyo. Mtoto wa Dar hufundishwa kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Kwenye njia ya vumbi hakuna kulia wala kushoto. Gari linakuja kutoka upande wenye mashimo machache. Vumbi na mashimo hayohayo, kwa ubaya wake wote, ndiyo matuta ya kijiji. Siku lami itakapomwagwa, dereva aliyezoea mwendo wa ng'ombe atakanyaga mafuta hadi mwisho, na ng'ombe wenyewe watakuwa bado wapo. Karatu, barabara iliyoahidiwa inakoanzia, wanakumbuka 6 Mei 2017, basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Rhotia na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Hapo palikuwa na lami tayari.

Kampuni itakayopenda kuja Maretadu, basi, ije mapema, kabla mkandarasi hajaamua tuta liwe wapi na lango la shule litazame wapi. Ikae kijiweni na madereva wa bodaboda, maofisa usafirishaji kama wanavyojiita kwa utani, iwape na kofia ya pili, ya abiria. Unga nao ije nao, sikatai. Na iwaletee watoto karatasi na rangi. Yule wa Dar huchora pundamilia na askari mwenye glovu nyeupe. Huyu wa Maretadu, nadhani, atachora njia pana isiyo na mstari hata mmoja, pikipiki yenye vichwa vinne, ng'ombe katikati, na shule ng'ambo ya pili.